Mvua ikikatisha onyesho la bendi: zipige bila alama, au watu warudi nyumbani?

Mleta mada

Wadau, habari zenu. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu Jumamosi, nalileta tulijadili.

Kwa wasiozifahamu: kila kiangazi huku Marekani bendi za vijana hushindana chini ya Drum Corps International, chombo kilichoendesha fainali zake za kwanza mwaka 1972. Ni matarumbeta, ngoma, marimba, na vijana wanaocheza na bendera. Saksafoni na klarineti hazimo. Vijana hawazidi miaka 22. Bendi kubwa ina watu kama 150, nao hupiga huku wakitembea na kukimbia, kila mmoja na hatua zake. Wanalala sakafuni kwenye kumbi za michezo za shule, usiku wanapanda mabasi kwenda mji mwingine.

Nilimpeleka mpwa wangu kwenye uwanja wa wazi hapa Ohio. Bendi mbili zimeshapiga, ya tatu inaingia, radi hiyo! Utaratibu ni kusubiri dakika 30 tangu radi ya mwisho isikike, na hilo silipingi kabisa. Usalama wa mtoto wa mtu kwanza. Tukajibanza chini ya jukwaa. Kila dakika 30 zikikaribia kwisha, inanguruma tena. Ilipofika saa nne usiku radi zimekoma, yamebaki manyunyu, bendi mbili zikaomba kupiga zikiwa zimesimama tu, bila majaji. Waandaaji wakakataa: bila alama si mashindano, geti linafungwa.

Moja ilijipanga hata hivyo, nyuma ya malori yake kwenye maegesho. Nusu duara, fulana zimewagandama, miguu kwenye madimbwi. Ngoma zilifunikwa mifuko ya nailoni, zikawa zinasikika kama mtu anatwanga nyumba ya pili. Marimba hazikupigwa, binti mmoja alikuwa anazifuta ubao kwa ubao kwa taulo la kuogea, maana ubao ukinywa maji sauti inaharibika. Halafu matarumbeta yakaingia. Bila spika, hatua kumi kutoka tuliposimama. Sauti niliihisi kifuani. Mpwa wangu akanishika mkono: "Mjomba, tusiondoke kwanza."

Sasa nauliza, alama zilikuwa na kazi gani pale? Alama za Julai hazibebwi hadi fainali. Bingwa anapatikana kwa alama za usiku wa mwisho, Indianapolis, ndani ya Lucas Oil Stadium yenye paa. Msimamo wangu: radi zikishakoma, bendi inayotaka kupiga iachwe ipige, na watazamaji watangaziwe ni wapi. Sisi tulibahatisha tu. Wengi walikuwa wameshaondoka.

Mchangiaji wa kwanza

Kaka, nakuheshimu, lakini hapa sikuungi mkono. Binti yangu alikuwa wa bendera. Bendera ikilowa inakuwa nzito, inajisokota kwenye mti wake. Bunduki ya mbao wanayoirusha juu inateleza, inaweza kumvunja mtu kidole. Kwenye hayo maegesho yako, wao walikuwa wapi? Onyesho ni mchoro wa uwanja mzima, ukiwasimamisha hao wa tarumbeta umebaki na nusu yake, na wazazi tumelipa maelfu ya dola kwa msimu mmoja. Lifutwe, na wenye tiketi warudishiwe hela zao.

Mleta mada

Dada, la bendera umenishika, sikuliwaza. Ni kweli, walisimama nyuma ya wenzao wamejifunika mataulo. Ila la hela hatutaelewana. Maonyesho mengi ya miji midogo yanaandaliwa na wazazi wa bendi za shule, wanachangisha fedha za vyombo vya watoto wao. Ukiwadai kila senti mvua ikinyesha, mwakani hawaandai tena, na bendi zinapita mjini kwenu bila kusimama.

Mchangiaji wa pili

Basi tiketi iseme mapema: mvua ikikatisha hakuna kurudishiwa, lakini bendi zitapiga ukumbi wa michezo wa shule hiyo hiyo. Nimewahi kuwasikia humo. Matarumbeta yale ndani ya kuta nne, mbao za benchi zinatetema chini ya mapaja. Na wa bendera nao wapate sakafu kavu.