Mjadala: Somo la Stadi za Maisha lirudishiwe kipindi chake?

Hoja: Mwaka 2023 Stadi za Maisha lilikuwa somo linalojitegemea katika sekondari msingi ya Kenya (Gredi ya 7 hadi 9). Mwaka uliofuata masomo yakapunguzwa hadi 9, na stadi hizo zikatiwa ndani ya masomo mengine. Je, shule za Nairobi zitenge tena kipindi cha kufundisha kujitambua, kutuliza hasira, kusikilizana na kufanya uamuzi?

Mwalimu wa sekondari msingi, Kayole
Zitenge. Kilichoachiwa kila mwalimu hakifundishwi na yeyote. Wa Sayansi ana mada zake za kumaliza. Anaandika "ushirikiano" kwenye andalio la somo, mkaguzi anaridhika, na mambo yanaishia hapo. Watoto sita kuzunguka kitabu kimoja hawajashirikiana. Kumpinga mwenzako bila kumtusi kuna hatua zake: taja alichofanya, sema kimekuathiri vipi, sema unachotaka, kisha nyamaza usikie jibu. Hatua hizo hazijifundishi zenyewe katikati ya somo la umeme.

Mzazi, Umoja
Mwalimu, heshima yako. Lakini malezi ni ya nyumbani, na ya kanisani au msikitini. Naogopa mtoto kuulizwa mbele ya darasa baba na mama wanaishije. Naogopa pia somo la kununuliwa vitabu na kutafutiwa alama. Halafu kuna kiboko. Kilipigwa marufuku mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakataza tena, ila bado kinatumika. Anayefundisha kutuliza hasira saa nne na kuchapa saa tano atasikilizwa na nani?

Mtafiti wa elimu, Ngara
Hoja ya kiboko haina jibu. Shule ianzie hapo. Kuhusu manufaa, ushahidi upo, ila usomwe kwa makini. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2011 ulikusanya programu 213 zilizohusisha wanafunzi zaidi ya 270,000, wengi wao wa Marekani. Kwa wastani, mwanafunzi wa katikati kimasomo, mwenye wenzake 50 kwa kila 100 nyuma yake, alisogea hadi kuwa na 61. Zilizofanya vizuri zilikuwa na mfuatano wa hatua, mazoezi ya vitendo, muda maalumu na lengo linalotajwa waziwazi. Hayo mawili ya mwisho ndiyo yanayopotea stadi zinapotawanywa.

Lakini Uingereza, utafiti wa MYRIAD katika shule 85, uliotoa matokeo mwaka 2022, uliwafundisha vijana kutuliza akili kwa kuzingatia pumzi na hisia zao. Haukuleta nafuu kuliko mafundisho ya kawaida ya shule zile, na wengi hawakufanya mazoezi nje ya darasa. Kwa hiyo tusinunue programu kwa sababu ina jina kubwa.

Mshauri nasaha, Buruburu
Nitasema kipindi chenyewe kiendeshwe vipi, maana ubishi mwingi unatokana na kutokiona. Dakika 40, wanafunzi 60. Wagawe watatu watatu, makundi 20: mmoja analalamika, mmoja anajibu, wa tatu anatazama. Wakiwa sita, wawili wanaongea na wanne wanacheka. Dakika 6 mwalimu anaonyesha na mwanafunzi mmoja. Kisha raundi tatu za dakika 5, wakibadilishana nafasi ili kila mmoja aonje zote. Mtazamaji ana maswali matatu tu: ametaja kitendo au ametukana? Amesema anachotaka? Amesubiri jibu? Zinazobaki ni za makundi machache kuripoti, na kila mtu kuandika sentensi moja ya atakachojaribu wiki hiyo.

Visa viwe vya kubuni: rafiki hajarudisha kikokotoo, au kundi linamshinikiza mwenzao aruke kipindi. Hapo hofu ya mzazi wa Umoja inapata jibu, kwa sababu hakuna anayeombwa kueleza ya kwao. Mtoto akijitolea kufichua jambo zito, mwalimu asiahidi kulificha na asimhoji darasani. Amwone faragha, ampeleke kwa mwalimu wa ushauri nasaha. Namba 116, ya simu ya bure ya watoto, ibandikwe ukutani.

Na tuwaache waongee Kiswahili, hata Sheng. Hasira haiji kwa Kiingereza cha kitabuni, na mtoto anayetafuta msamiati hawezi kufanyia mazoezi sauti yake.

Mzazi, Umoja
Dada mshauri, hilo la visa vya kubuni nalikubali, mradi wazazi waonyeshwe orodha yake mwanzoni mwa muhula. Alama je?

Mtafiti wa elimu, Ngara
Zisiwepo. Uliza kwenye karatasi "Ukitukanwa utafanya nini?" na darasa zima litajibu "Nitamwambia mwalimu." Utakuwa umepima nani anajua jibu linalotakiwa. Afadhali mwalimu awatazame wanafunzi watano kila kipindi kwa yale maswali matatu. Kwa darasa la 60, vipindi 12 vinawamaliza wote.

Mwalimu wa sekondari msingi, Kayole
Basi ratiba. Kipindi kimoja kwa wiki, Jumanne au Jumatano. Kikiwekwa Ijumaa alasiri kitaliwa na usafi na michezo. Na madarasa yaliyotenganishwa kwa mabati yasiwe nacho kwa wakati mmoja, kwa sababu makundi 20 yakiongea pamoja, wa jirani hawasikii Hisabati.