Naomba ushauri: wenye matatu wananikwepa nikitaka kupima moshi

Wadau, salamu. Nasoma uzamili hapa Nairobi na utafiti wangu ni moshi wa injini za dizeli. Nahitaji matatu 30, nimepata nne.

Kipimo chenyewe ni cha dakika chache: gari likiwa limesimama bila gia, dereva anakanyaga mafuta hadi mwisho mara kadhaa, mimi nasoma weusi wa moshi kwenye ekzosi. Lakini nikifika stejini na mashine, makanga wanadhani ni kanjo (askari wa kaunti). Wiki jana mwenye gari alinikubalia kwa simu, nilipofika nikaambiwa gari liko Rongai. Nililiona likipakia abiria.

Nashuku wanaogopa suala la chujio la masizi, lile la kwenye ekzosi linalonasa masizi ya moshi. Baadhi ya niliyochungulia limeshatobolewa, na kusema kweli siwalaumu sana. Chujio hilo hujisafisha kwa kuchoma masizi kwenye joto la karibu nyuzi 600, na joto hilo utalipata wapi ukitambaa kwenye jam ya Jogoo Road? Likiziba gari linakosa nguvu, fundi analitoboa, kazi inaendelea. (Msisingizie salfa ya kwenye mafuta tu kwamba ndiyo inaharibu chujio, dizeli yetu ilishushwa hadi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015.)

Sasa, nipitie kwa viongozi wa sacco (chama cha wenye matatu) au nikae gerejini na mafundi? Nikiahidi kuwapimia injekta bure, itaonekana hongo? Na namba za magari siandiki popote, nitawaaminishaje hilo? Walio kwenye biashara hii nisaidieni, msimamizi wangu anataka data mwezi ujao.