Paa la gari la kulala limeliwa na kutu na linavuja: nichomelee bati, niweke faiba au nipake lami?

Msafiri wa Tudor

Hamjambo nyote. Nina HiAce iliyostaafu kazi ya watalii, zile zenye paa linaloinuliwa ili watu wasimame watazame ndovu. Nilitoa viti, nikaweka kitanda, kabati na jiko la gesi, na sasa familia yangu hulala humo tukienda Tsavo Mashariki au Shimba Hills. Masika haya yamenionyesha kila kasoro yake. Mvua ikinyesha usiku maji yanadondoka kwenye godoro upande wa miguuni, na hapo ndipo alalapo mwanangu wa miaka 6.

Jana nilipanda juu na bisibisi. Kuzunguka lile tundu lililokatwa kwa ajili ya paa la kuinuka, rangi imetuna kama ngozi iliyobabuka, na nilipobonyeza, bisibisi ikapita hadi ndani mahali pawili. Juu ya dereva kuna kutu ya juujuu, bati lenyewe bado gumu. Miguu ya keria imefungwa kwa bolti zilizotoboa paa, na kila bolti imezungukwa na duara la kutu. Mfereji wa pembeni umejaa udongo mwekundu wa Tsavo, na ukiugusa una unyevu hata siku ya jua.

Nimeuliza watu watatu, nimepewa majibu matatu. Mmoja anasema kata uchomelee bati jipya. Wa pili anasema tandaza faibaglasi (kitambaa cha nyuzi za kioo kinachogandishwa kwa gundi) paa zima. Wa tatu anasema paka lami ya maji juu ya kila kitu na kazi imekwisha. Gari linalala nje, hatua chache kutoka ufukoni mwa Kijito cha Tudor. Nataka kazi itakayodumu miaka. Mngekuwa nyinyi mngechagua lipi?

Bi Kizingo

Pole sana baba. Kabla hujachagua dawa, hakikisha unajua maji yanaingilia wapi. Sisi tulikuwa tunapata maji juu ya sinki, tukaziba na kuziba hapo juu yake, kumbe yalikuwa yanaingia kwenye bolti ya keria karibu na kioo cha mbele. Yalitembea juu ya ubavu wa paa zaidi ya mita moja ndipo yakapata pa kushukia.

Toa dari yote. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine nje na mpira wa maji. Anza chini: fremu za madirisha kwanza, kisha mfereji, kisha bolti, mwisho tundu la juu. Kila mahali mwagia dakika kumi kabla ya kupanda. Ukianza juu, maji yatateremka kila mahali na hutajua lipi ni lipi.

Jambo jingine, mkilala Taita kwenye baridi, madirisha yamefungwa na chai imechemshwa ndani, asubuhi bati huwa na matone upande wa ndani bila hata mvua. Hayo hayazibiki kwa gundi. Yanataka dirisha liachwe wazi kidogo.

Fundi wa Mikindani

Kazi yangu ni bodi za magari, na nyingi zinazonijia zimelala karibu na bahari. Ndugu, hapo huna tatizo moja, una matatu, ndiyo maana umepewa majibu matatu.

Gonga paa lote kwa mpini wa bisibisi. Bati zima litalia, lililooza litatoa sauti butu. Weka alama ya chaki. Pale bisibisi ilipopita, usitafute dawa ya kupaka. Bati halipo tena, na rangi haigeuki kuwa chuma. Kata mpaka ufikie bati linalong'aa pande zote mbili, uchomelee kiraka.

Ila uchomeleaji wa paa ndio watu wengi wanaoharibu. Bati la paa ni jembamba, halifiki hata milimita 1. Ukivuta mstari mmoja mrefu litajikunja kama ukurasa uliolowa. Fundi mzuri hupiga nukta moja hapa, nyingine mbali, anasubiri zipoe, anarudi katikati yake. Tumia mashine ya gesi na waya (MIG). Ile ya vijiti vya mageti itakutobolea. Betri ifunguliwe waya zake. Sponji ya dari itolewe yote, maana ikishika moto gari linakwenda lote. Ukitumia bati la mabati yenye zinki, saga zinki kingoni kabla ya kuchoma, moshi wake si wa kuvuta kifuani.

Na hili ndilo ninalogombana nalo kila mwezi: upande wa ndani. Moto unaunguza rangi ya ndani ya kiraka, halafu dari inarudishwa bila kitu. Chuma kiko uchi, kimefichwa, kina unyevu wa Mombasa. Kutu inaanza siku hiyo hiyo, na utaiona ikishatokeza nje. Ndani papakwe praima ya epoksi (rangi ngumu ya kwanza ya kushika chuma), na kwenye mikunjo isiyofikika brashi ipulizwe nta ya kuzuia kutu.

Pale juu ya dereva ambapo bati bado gumu, usikate. Msasa, dawa ya kugeuza kutu, praima, rangi.

Boti za Mtwapa

Mimi natengeneza boti za faiba, kwa hiyo mngetarajia niseme faiba paa zima. Sisemi hivyo.

Ile rezini (gundi ya majimaji inayoganda) ya kawaida ya boti, poliyesta, haishiki chuma vizuri. Inashika siku ya kwanza, lakini bati likipata jua la saa 7 mchana linatanuka, usiku linasinyaa, na baada ya muda kingo za faiba zinaanza kuinuka. Maji ya chumvi yanaingia chini, na sasa una kutu usiyoiona ikila chini ya ganda gumu. Nimeshabandua paa la namna hiyo kwa mkono, likatoka kipande kizima, na chini yake bati lilikuwa unga.

Ukitaka faiba juu ya chuma, tumia rezini ya epoksi, na kitambaa kiwe cha kufumwa. Usichukue ule mkeka wa nyuzi zilizokatwakatwa. Mkeka mwingi umeshikanishwa kwa gundi inayoyeyuka ndani ya poliyesta. Ndani ya epoksi haiyeyuki sawasawa, mkeka unabaki mkavu na mweupe. Duka litakuuzia vyote viwili bila kukueleza. Changanya kidogokidogo, maana kwa joto letu kopo lililojaa epoksi huchemka na kuganda mkononi.

Mahali inapofaa ni kuimarisha ukingo wa lile tundu baada ya bati kusafishwa au kubadilishwa. Wazee wetu walipokalafati jahazi kwa pamba na mafuta, ubao uliooza waliutoa kwanza.

Dereva wa Zamani

Naheshimu mafundi, lakini si kila mtu ana pesa ya kukata na kuchomelea. Mimi nilipaka lami ya maji, koti tatu na kitambaa katikati, na ilinivusha masika na vuli bila tone. Lami ni rahisi, unaipaka mwenyewe Jumamosi moja. Mwacheni mwenzetu aanze na anachoweza.

Fundi wa Mikindani

Mzee wangu, sikatai kwamba ilizuia maji. Nauliza: ulipoibandua chini kulikuwaje?

Dereva wa Zamani

Nitasema kweli. Sikuibandua mimi, aliibandua aliyenunua gari. Alinipigia simu kuniuliza kama nilijua paa limetoboka karibu na mlango wa nyuma. Sikujua. Ilikuwa nyeusi kote, nisingeweza kuona. Pia ndani palikuwa na joto lisilolalika, kwa kuwa paa jeusi hunywa jua lote.

Kwa hiyo nasimama hapa: kama mvua iko mlangoni na huna pesa, funika kwa turubai linaloweza kutolewa, uhifadhi pesa ya lami kwa ajili ya bati. Namuonea huruma yule mtoto anayelowa miguu, ndiyo maana nilitaka upate nafuu ya haraka.

Msafiri wa Tudor

Ahsante mzee, nimekuelewa na sijachukia hata kidogo. Swali: wiki iliyopita nilishajaza silikoni kwenye zile sehemu mbili zilizotoboka, ile yenye harufu kali ya siki. Nimeharibu?

Fundi wa Mikindani

Itoe yote. Ile harufu ya siki ni asidi ya asetiki inayotoka silikoni ikikauka, na juu ya chuma kitupu inalisha kutu. La pili, rangi haishiki juu ya silikoni, na hata mabaki yake yasiyoonekana huifanya rangi ikimbie na kuacha vijicho, yaani vishimo vidogo vya duara. Kwangua kwa wembe, kisha msasa, kisha futa kwa kiyeyushi na kitambaa safi, ugeuze kitambaa kila mara.

Kwa mshono wa bati na bati tumia gundi ya poliyurethani, ile inayobaki kama mpira na inayokubali rangi. Chini ya fremu au hachi (kidirisha cha paa) unayoweza kuja kuifungua siku moja, weka utepe wa butili, ule mpira laini unaonata, haugandi kama gundi.

Mama Safari, Bamburi

Nimesoma yote nikingoja mtu ataje chumvi yenyewe. Hapa kwetu upepo wa kusi unaleta chumvi juu ya paa kila usiku, na inaingia ndani ya vishimo vya kutu. Ukija na brashi ya waya kabla ya kuosha, unaisukuma chumvi ndani zaidi na kung'arisha chuma juu yake. Rangi inatoka nzuri, na baada ya miezi michache inatoka malengelenge, kwa kuwa chumvi iliyofungiwa chini inavuta maji kupitia rangi.

Kwa hiyo: osha, kausha, kwangua, osha tena, kausha, ndipo msasa wa mwisho. Na maji yawe matamu, yasiyo na chumvi. Visima vingi vya huku ni vya maji ya chumvi, na nimeona watu wakiosha gari kila wiki kwa maji ya kisima wakidhani wanalitunza. Nunua madumu mawili matatu ya maji matamu au kinga ya mvua.

Dawa ya kugeuza kutu inafanya kazi juu ya kutu nyembamba iliyoshika. Yenye tanini huacha weusi, yenye tindikali ya fosfori huacha tabaka la kijivu au jeusi, na tabaka hilo linahitaji kufunikwa kwa rangi, haliwezi kuachwa mvuani. Soma kopo, kwa sababu praima nyingine za epoksi hazipatani na mabaki ya tindikali na lazima yaoshwe kwanza.

Usipake alfajiri. Umande wa hapa unakaa kwenye bati hata usipouona. Subiri saa 3 au 4 asubuhi, uwe chini ya kivuli, uache kabla bati halijawa kikaango. Rangi ya mwisho iwe nyeupe, mtalala vizuri zaidi.

Msafiri wa Tudor

Narudi kuwapa habari, nimechelewa kwa sababu gari lilikaa karakana siku 9.

Jaribio la Bi Kizingo lilinishangaza. Tundu la juu lilikuwa linavuja, ndiyo, lakini maji ya godoroni yalitoka kwenye bolti ya nyuma ya keria. Ningetandaza faiba kuzunguka tundu na mtoto angeendelea kulowa.

Nilichoamua: ukingo wa tundu tulikata sehemu mbili, viraka vikachomelewa kwa nukta, epoksi ndani na nje, na kitambaa cha kufumwa juu ya mshono. Tulipokata tulikuta kwamba waliolikata tundu hilo zamani hawakupaka chochote kwenye ukingo wa bati. Miaka yote hiyo chuma kilikuwa kitupu chini ya mpira. Juu ya dereva nilifanya mwenyewe, nikaosha mara mbili kama alivyosema Mama Safari, kisha dawa, praima na rangi nyeupe. Mfereji nimeusafisha na kuuziba mshono wake wote kwa gundi ya poliyurethani. Keria nimeitoa moja kwa moja, matundu yake yamechomelewa. Vitu vya juu tutavibeba ndani.

Juzi mvua ilipiga kuanzia magharibi hadi saa 6 usiku. Nililala humo peke yangu, dari ikiwa bado wazi ili nione. Viraka vikavu, mfereji mkavu. Kona moja tu ya paa la kuinuka ilitoa unyevu, si tone. Nimeuangalia mpira wake, umepasuka kwa jua na ukiuminya unatoa maji kama sifongo. Mwenye kujua aina ya kununua?

Boti za Mtwapa

Huo ni wa vitundu wazi, unanyonya. Tafuta wa vitundu vilivyofungwa, au wa umbo la bomba wenye uwazi katikati kama wa milango. Kata kipande cha zamani mahali ambapo hakijabanwa uende nacho dukani, upime unene wake hapo. Ukinunua mnene kupita kiasi, paa halitafungika na kufuli zitavuta bati jipya. Ungio la ncha mbili liweke upande wa nyuma wa gari, usiliweke kona.

Bi Kizingo

Jaribu maduka ya vipuri ya Mwembe Tayari, na uende na kipimo cha mzunguko mzima ili wakukatie kipande kimoja. Usirudishe dari mpaka mvua nyingine ipite.

Msafiri wa Tudor

Nakwenda kesho asubuhi. Dari itasubiri.