Malkia Mary "wa Damu": alichoma watu kweli ama alisingiziwa?

Abiria_Umoja:
Wakuu, nisaidieni kumaliza ubishi ulioanzia kwenye matatu. Mary wa Damu ndiye yule malkia aliyekatwa kichwa? Na hao watu aliwachoma kweli?

Makavazi:
Mnachanganya wawili. Aliyekatwa kichwa ni Mary wa Uskoti, 1587. Wa Damu ni Mary Tudor, binti ya Henry VIII, aliyetawala Uingereza 1553 hadi 1558 akafa kwa maradhi akiwa na miaka 42. Na ndiyo, alichoma. Yeye alikuwa Mkatoliki, na aliowachoma ni Waprotestanti kama 280 katika muda usiofika miaka minne, wa kwanza John Rogers, London, Februari 1555.

Kuni_Kavu:
Uchungu wa adhabu ile ulitegemea kuni. Askofu Hooper kule Gloucester aliletewa kuni mbichi, tena upepo ukawa unapeperusha ndimi za moto. Waliwasha mara tatu, akateseka kama robo tatu ya saa. Baruti aliyofungiwa ili afe upesi haikumfaa kitu. Askofu Ridley, kule Oxford, shemeji yake alimhurumia akamrundikia kuni zaidi. Kosa! Moto ukakosa hewa ukabaki chini, miguu ikaungua mwili wa juu bado mzima. Aliyewasha jiko kwa makaa yenye unyevu mwezi wa Julai ataelewa.

Makavazi:
Tusisahau Mary alikotoka, lakini. Ndoa ya wazazi wake ilibatilishwa 1533, naye akavuliwa cheo cha binti mfalme, akapelekwa kukaa chini ya Elizabeth, mdogo wake aliyekuwa bado mchanga. Mamake alifariki Januari 1536 bila kuruhusiwa kumwona, na Juni akalazimishwa kutia sahihi kwamba ndoa ile ilikuwa haramu. Akiwa malkia, 1555, alijifungia kwenye kasri la Hampton Court kungoja mtoto. Barua za kutangaza uzazi ziliandikwa kabisa, tarehe ikaachwa wazi. Mimba haikuwepo.

Abiria_Umoja:
Sasa mbona Elizabeth hakuitwa wa Damu?

Kuni_Kavu:
Elizabeth, Mprotestanti aliyemrithi Mary, naye aliua Wakatoliki zaidi ya 100, ila kwa jina la uhaini, si uzushi (kupinga mafundisho ya kanisa). Tena alitawala miaka 44, na kitabu cha John Foxe kuhusu Waprotestanti waliochomwa kwa imani yao kilichapishwa 1563, enzi yake. Mary hakuacha mtoto wa kumtetea.

Makavazi:
Hapo sikubali yote. Askofu mkuu Cranmer alikuwa ameshakana imani yake ya Kiprotestanti kwa maandishi. Kwa desturi angesamehewa kuchomwa. Mary alikataa, sababu ndiye aliyeibatilisha ndoa ya mamake. Machi 1556, Oxford, Cranmer akakana kule kukana, akatanguliza motoni mkono uliotia sahihi. Doa hilo Foxe hakumtwika Mary, alijitwika mwenyewe.