Tupeane uzoefu: kujumlisha na kutoa sehemu kulikuingia vipi kichwani?

BabaWawili
Wakuu, salaam. Jana nimekagua daftari la binti yangu wa darasa la tano, nikakuta 1/2 + 1/3 = 2/5. Kajumlisha kiasi kwa kiasi, asili kwa asili. Nikamuuliza, nusu chapati na 2/5 ya chapati, ipi kubwa? Kafikiri, kisha akasema mwenyewe: "Baba, nimeongeza halafu ikapungua!" Tukakata chapati vipande sita. Nusu ni vitatu, theluthi ni viwili, 5/6 akaiona kwa macho. Ninyi mlielewaje?

FundiGauni
Mimi nimeelewa kwenye cherehani. Kifua inchi 36 na nusu, robo yake ni 9 na 1/8, unaongeza nafasi inchi 1 na nusu. Aliyenifundisha kazi alinionyesha vistari vya futi kamba: nusu ni 4/8, basi jumla 10 na 5/8. Kutoa ndiko kulinitesa. Mita 3 na robo, toa 1 na nusu: nilikuwa natoa robo kwenye nusu, napata 2 na robo, na kitambaa cha mteja kinapungua nusu mita! Siku hizi nageuza vyote kuwa robo. 13 toa 6 ni 7, yaani mita 1 na robo tatu.

Kibuyu
KDS (kigawe kidogo cha shirika) jamani. 5/12 + 7/18 nilikuwa nazidisha asili hadi 216, napotea njiani. Kwa 36 ni 15 na 14, 29/36, kwisha.

MwanaChuoni
Mimi ni mirathi. Marehemu kaacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mke thumuni (1/8), mabinti theluthi mbili, wazazi sudusi (1/6) kila mmoja. Kwa asili ya 24: 3 + 16 + 4 + 4 = 27. Nikarudia mara tatu, 27 ile ile! Ustadhi akaniambia sijakosea, hiyo ni auli, yaani mafungu yakizidi asili, jumla yake ndiyo inakuwa asili mpya na kila fungu linapungua kwa uwiano. Inasimuliwa kuwa Sayyidna Ali aliulizwa akiwa juu ya mimbari, akajibu papo hapo kwamba thumuni ya mke imekuwa tusui (1/9). Mali inakatwa mafungu 27, mke anachukua 3.

BabaWawili
MwanaChuoni, shukrani sana. Nimempa binti hiyo ya 24 jioni hii. Kaipata 27/24, sasa ananiuliza mabinti wanabaki na ngapi. Tunahesabu: 16/27.