Sheria za Kepler zina kazi gani leo?

Mwanafunzi wa S5, Mbale
Ndugu zangu, tunasoma sheria tatu za Johannes Kepler, mwanafalaki wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1630. Naelewa alivyoonyesha kwamba sayari huzunguka Jua katika njia ya duaradufu, ila sioni zinamhusu nini mtu anayeishi Uganda leo. Naomba kuelezwa.

Fundi wa madishi, Kampala
Tazama madishi ya televisheni hapa mjini, mdogo wangu. Mengi yameelekezwa karibu wima, kwa sababu setilaiti za matangazo huwekwa juu ya Ikweta, nasi tuko karibu chini yake. Ili setilaiti ionekane imesimama mahali pamoja, lazima imalize mzunguko wake kwa muda uleule ambao Dunia hujizungusha, na hilo huwezekana katika kimo kimoja tu.

Mwalimu wa fizikia, Gulu
Kimo hicho hutokana na sheria ya tatu, ya mwaka 1619: kipeo cha pili cha muda wa mzunguko huwiana na kipeo cha tatu cha umbali. Mwezi, ulio wastani wa kilomita 384,400 kutoka kitovu cha Dunia, huizunguka kwa siku 27.3. Kipeo cha pili cha 27.3 ni kama 745, na kipeuo cha tatu cha 745 ni 9.07. Setilaiti yetu huzunguka kwa siku moja tu, hivyo gawanya umbali wa Mwezi kwa 9.07, upate takriban kilomita 42,400. Ukitoa 6,378 za kutoka kitovuni hadi Ikweta, zinabaki karibu 36,000.

Hata hivyo, mimi humheshimu Kepler zaidi kwa ukaidi wake. Alipolinganisha hesabu zake za Mirihi na vipimo vya Tycho Brahe, mwanafalaki wa Denmark, alikuta tofauti ya dakika 8 za pembe, yaani chini ya sehemu moja ya saba ya digrii. Wengi wangeipuuza, yeye aliliacha duara lililoaminiwa tangu Wagiriki wa kale, na mwaka 1609 akachapisha duaradufu.

Msomaji, Mbarara
Niongeze, Mwalimu, kwamba sababu yenyewe hakuijua; alidhani Jua huzisukuma sayari kwa nguvu iliyofanana na ya sumaku. Newton ndiye aliyeonyesha, mwaka 1687, kuwa sheria hizo huzaliwa na mvutano, na ndiyo maana zinafaa hata kwa vyombo vilivyoundwa na binadamu. PearlAfricaSat-1, setilaiti ya kwanza ya Uganda, iliachiwa Desemba 2022 kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, kwenye kimo cha kilomita kama 400. Mwanafunzi akifuata hesabu ya Mwalimu kwa kimo hicho, atapata mzunguko wa takriban dakika 92.