Mjadala: Msanii akivua nguo kwa ajili ya mazingira, anatufundisha au anatuchezea?

Mleta mada:
Wakuu, tulijadili hili bila matusi. Kuna wasanii wa maonyesho wanaotumia mwili mtupu kusimulia mambo mawili kwa mpigo: historia ya unudisti, yaani watu kukaa uchi pamoja pasipo nia ya ngono, na uhusiano wa binadamu na mazingira. Hoja yao ni kwamba nguo ndiyo ukuta wa kwanza tuliojijengea dhidi ya dunia.

Nusu nakubali. Mwaka 2007 mpigapicha Spencer Tunick, kwa ushirikiano na shirika la mazingira la Greenpeace, aliwasimamisha watu wapatao 600 uchi juu ya mto wa barafu wa Aletsch, Uswisi, mkubwa kuliko yote katika milima ya Alps. Pale utupu ulikuwa na kazi. Ngozi inatetemeka juu ya barafu inayoyeyuka, na vyote viwili havina pa kujificha. Wavalishe makoti, picha haisemi kitu.

Nusu nyingine inanikwama kooni. Harakati ya Freikörperkultur, "utamaduni wa mwili huru", ilizaliwa Ujerumani watu walipochoshwa na moshi wa viwanda na msongamano wa miji. Mwaka 1903 Paul Zimmermann alifungua bustani ya wakaa uchi kaskazini mwa Ujerumani. Hadithi tamu mpaka hapo. Lakini Richard Ungewitter, mmoja wa waandishi wake wakubwa, alihubiri utupu kama njia ya kuisafisha mbari ya Wajerumani. Usafi wa maumbile na usafi wa damu vikalala mkeka mmoja. Msanii anayetuonyesha jua na majani tu, hilo akaliacha ndani ya begi la nguo, kwangu bado hajavua.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, samaki mmoja kaoza umetupa tenga zima. Mbona humtaji Adolf Koch? Mwalimu wa Berlin, msoshalisti, aliyeanzisha shule za mazoezi ya viungo ambako wafanyakazi na familia zao walijinyoosha uchi. Mwaka 1933 Göring, kigogo wa Wanazi, alitoa amri dhidi ya harakati hii, na shule za Koch zikafungwa. Baadaye Ujerumani Mashariki kuoga uchi ufukweni mwa Baltiki kukawa jambo la kawaida kabisa. Huo nao ni usafi wa mbari?

Mleta mada:
Koch nakupa, tena nilikosea kumwacha. Ila umenisaidia: watu wawili, zama moja, utupu uleule, na kila mmoja anaona ndani yake kitu kingine. Hilo ndilo ningetaka liwekwe jukwaani.

Mchangiaji wa pili:
Ndugu zangu, mnabishana kuhusu aliyevua, mimi namuuliza anayetazama. Mwaka 1977, Bologna, Italia, wasanii wa maonyesho Marina Abramović na Ulay walisimama uchi wakitazamana kwenye mlango mwembamba wa jumba la sanaa. Ukitaka kuingia, pita kiubavu katikati yao, na uamue unampa nani uso. Polisi walikuja kulikatiza onyesho hilo. Mtazamaji ndiye aliyekuwa mtupu pale. Sasa chukua onyesho la namna hiyo ulirushe mtandaoni: mlango hakuna, uamuzi hakuna, unabaki mwili wa mwanamke na wanaume wa kuutolea maoni. Kwa hiyo mazingira sawa, historia sawa, lakini bila ukumbi wenye watu wanaoonana macho, mimi simo.

Mchangiaji wa tatu:
Naongeza la ikolojia, maana mmelipita kama gari la harusi. Matuta ya mchanga ya ufukweni hayajali aliyekanyaga nyasi zake kavaa suruali au la. Na ngozi nyingi juani inataka losheni nyingi ya kukinga jua. Hawaii ilipitisha sheria mwaka 2018, ikaanza kazi 2021, kuzuia uuzaji wa losheni zenye oksibenzoni na oktinoksati, kemikali za kukinga jua, kwa hofu ya madhara kwa matumbawe. Hayo "maumbile" mnayorudi kwayo uchi mnayapelekea kemikali.

Mleta mada:
Hiyo ya losheni imenishika. Lifanyike basi onyesho hilo: mtu anapakwa losheni mbele yetu, taratibu, mwili mzima, kisha anaingia kwenye beseni la kioo. Anatoka, anaondoka zake. Sisi tunabaki na yale maji.